Mapacha wa Kwenye Picha

Fundi bomba aliitoa ile picha mfukoni mara nyingi mpaka pembe zikaanza kukunjamana. Ilikuwa picha ya altrasaundi ya tumbo la mkewe, iliyopigwa kwenye kiduka kimoja ambacho pia kilitoa picha za pasipoti na kuchonga mihuri. Mwenye duka alikuwa ameweka moyo mwekundu kwenye kona, na chini yake maneno "Karibu duniani". Katikati kulikuwa na viduara viwili vyeusi, kimoja kikubwa, kingine kidogo, vimekaa ubavu kwa ubavu. Hakuna aliyemwambia ni vitu gani. Alijijibu mwenyewe.

"Vichwa viwili," aliwaambia wenzake wa karakana.

Siku hiyohiyo wakaanza kumwita Baba Mapacha, na jina likamkaa vizuri kuliko ovaroli. Alitembea kifua mbele. Mteja akilalamika kwamba sinki lililotengenezwa jana linavuja leo, aliambiwa kuwa mtu mwenye mapacha njiani hawezi kukumbuka kila nati. Kwa mabaki ya mabomba aliunga kitanda cha watoto wawili, kizito kiasi kwamba kilipoingia chumbani hakikutoka tena.

Mama yake mzazi alikubaliana naye. Yeye amezaa, alisema, na hadanganywi na tumbo. Na kweli tumbo lilikuwa kubwa kupita kiasi. Mkewe, mshona mapazia, alikuwa anahema akifunga viatu na analala amekaa. Kila aliposema anaumia aliambiwa avumilie, amebeba wawili.

Alivumilia mpaka akachoka, akaenda mwenyewe hospitali kubwa. Akapimwa, kisha akarudi kumchukua mumewe, kwa kuwa daktari alitaka kuwaona wote.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya taratibu ya mtu aliyezoea kubishiwa. Aliwaeleza kwamba mtoto ni mmoja. Kiduara kikubwa ni tumbo lake la chakula, kidogo ni mwanzo wa utumbo. Vyote vimejaa maji kwa sababu mbele ya hapo utumbo umeziba tangu ulipokuwa unajijenga. Mtoto humeza maji anayoogelea ndani yake. Huyu anayameza lakini hayapiti, ndiyo maana yamezidi. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka, na si kosa la mama. Akizaliwa atafanyiwa upasuaji, na wengi wanaowahiwa hula na kukua kama wenzao. Wengine huzaliwa na shida nyingine pia, za moyo kwa mfano, lakini moyo wa huyu wameutazama na hawajaona kasoro. Kubwa ni azaliwe hapahapa, penye daktari wa upasuaji wa watoto, na asipewe hata tone la maziwa kabla. Kwa maji mengi namna hii uchungu unaweza kuanza mapema, hivyo mama alazwe mapema pia.

Fundi alisikiliza yote, kisha akauliza kama mashine yao ni ya zamani.

"Ni mpya, baba."

"Sasa daktari, kwa heshima. Huyu wa pili mmemweka wapi?"

"Hayupo. Hajawahi kuwepo."

Alirudi nyumbani kama mtu aliyeibiwa. Karakana ilimtuliza. Mmoja alimjua mtu ambaye pacha wake alijificha nyuma ya mwenzake mpaka siku ya kuzaliwa. Mwingine alisema mashine za hospitali kubwa huchoka kwa foleni. Mama yake aliongeza kwamba madaktari wale wanapenda kukata watu, na kwamba zahanati ya jirani ina mkunga mzuri, mtu wa kuchekacheka. Kama ni utumbo, mtoto atacheua tu, gesi itoke. Likakatwa shauri kwamba watoto wazaliwe pale. Mwenye tumbo hakuulizwa.

Jioni Fundi alimkuta mkewe anapanga nguo kwenye begi. Akasimama mlangoni.

"Nitawaambia nini watu?"

"Waambie unachotaka. Tanki likifurika unafanya nini?"

"Naangalia bomba la kutolea."

"Ukikuta limeziba?"

Fundi akalitazama tumbo la mkewe.

"Mimi ndiyo hilo tanki," alisema mkewe, huku anakunja kanga. "Mteja asiyejua hilo unamwita kichwa maji. Mimi umenitazama nafurika, wewe unahesabu vichwa. Akizaliwa kwa yule mkunga, atanyonyeshwa, atatapika kijani, na mama yako atasema ni gesi mpaka tumzike. Aibu ni yako, ibebe. Mimi nina mzigo wangu."

Sebuleni mama mkwe alikohoa, akaanza na maneno yake ya wazee wa zamani.

"Mama, ngoja kidogo," alisema Fundi. Alikuwa hajawahi kumwambia hivyo. Akalibeba begi.

Mtoto wa kike alikuja kabla ya wakati, mdogo, amekunja uso kama mteja aliyeletewa bili. Walimpitishia mpira puani, ukawa unatoa maji ya kijani. Kesho yake akaingizwa chumba cha upasuaji. Daktari wa upasuaji alipotoka na kusema utumbo umeungwa, Fundi alimuuliza kama wamepima kiungo kabla ya kufunga. Daktari alimtazama, akaona hatanii.

"Tumepima."

"Kwa hewa au kwa maji?"

"Kwa maji."

Fundi akakaa chini.

Zikafuata siku za kungoja utumbo uamke. Bibi alikuja kila siku kutangaza kwamba wamemharibu mjukuu wake. Karakana ikapiga simu kuulizia wa pili.

"Ni mmoja," alijibu Fundi. "Niliona vibaya." Upande wa pili mtu akacheka, na Fundi akamwacha acheke.

Asubuhi moja nesi akafungua nepi, akawaita. Kulikuwa na choo, kidogo, laini. Wazazi wa vitanda vya jirani wakasogea kutazama, wakapeana mikono. Fundi akampigia mama yake akamweleza rangi, kiasi na ulaini wake kwa sauti iliyojaza wodi. Nesi akamwomba apunguze sauti; Fundi akatoka nje akaendelea palepale alipoishia.

Mkewe hakumsubiri. Maji ya kijani kwenye mpira yalikuwa yamekwisha kupungua, naye alikuwa ameambiwa leo mtoto ataonja maziwa, kidogo tu. Alikuwa kwenye sinki, ananawa mikono.