Mikono ya Shoto

Video ilipomaliza kupakuliwa, mpishi wa keki aliikata pembe ya chini, pale palipoandikwa jina la mdogo wake, akaitazama tena. Mikono miwili, mfuko wa krimu, waridi likichanua juu ya keki. Uso haukuonekana. Akaipandisha kwenye ukurasa wake na kuandika: "Kazi za hapa kwetu."

Wivu ulikuwa umemkaba tangu watazamaji wa mdogo wake wafike elfu arobaini. Elfu arobaini wanamkodolea macho mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuvunja yai. Yeye ndiye aliyetangulia kwenye kazi, yeye ndiye mwenye oveni kubwa, na mawaridi yake mpaka leo yalitoka kama kabichi.

Asubuhi ukaingia ujumbe wa mdogo wake: "Dada, nimeiona. Si ungeniomba tu?"

Aliilaza simu kifudifudi. Alijiambia kilichoko mtandaoni ni cha wote, akafunga aproni.

Saa nne akaja mama mmoja anayeozesha binti. Ile video ilikuwa imemkosha, akataka keki ya ngazi tatu, ila kwanza aone ua moja likitengenezwa mbele ya macho yake. Akavuta kiti, akakaa. Oda kubwa namna hiyo haikuwahi kuingia jikoni mle.

Mpishi akajaza krimu, akaubana mfuko.

"Samahani, mwanangu," mama alisema. "Kwenye video ulitumia kushoto."

Kushoto. Ni yeye aliyekuwa akimchapa mdogo wake vidole kila aliposhika mwiko kwa mkono huo, akimwita Shoto mpaka jina likaganda. Sasa amekata jina, akasahau mkono. Angeweza kusema simu ndiyo iliyogeuza picha. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Ile mikono si yangu," alisema. "Ni ya mdogo wangu."

Mama hakugomba. Aliomba namba tu. Mpishi akamtajia bila kuangalia popote, tarakimu moja moja, na kila moja ilimchoma. Akamtazama akiiandika, akiaga, akiondoka na harusi yake.

Akaifuta video. Kisha akauhamishia mfuko mkono wa kushoto, akaubana polepole. Petali ya kwanza ikalala chali. Akageuza sahani kidogo, akaanza ya pili.