Vidole vya Jambula

Mwaka wa sitini na tatu, wiki tatu kabla hatujachagua diwani, Pasta Cornelius Obbo alifungua Mambo ya Walawi sura ya kumi na tisa, akatueleza kwamba Mungu hataki mtu ajiandike alama mwilini. Halafu akafunga kitabu akatuangalia.

"Sasa mimi nauliza. Hiyo wino wanatia kwa kidole siku ya kura, hiyo ni nini?"

"Ni alama!" akajijibu mwenyewe. "Mtu yangu akitia kidole kwa ile chupa, anakwenda benchi ya nyuma miezi sita. Kuimba hapana. Ushuhuda hapana. Meza ya Bwana hapana."

Jumapili iliyotangulia alikuwa amejaribu amri ya sanamu. Mgombea mmoja, Osborn, alikuwa na alama ya samaki, na Pasta akasema kuchagua samaki ni kuabudu kitu cha majini. Loice, ambaye aliuza samaki sokoni Busia na alikuwa muumini kuliko wengi wetu, akauliza kama basi amwage karai lake lote. Pasta akaiacha amri ya sanamu, akahamia Walawi.

Siku hiyo ya wino Loice akainua mkono tena. "Pasta, na kule kwenu mwaka jana mlipiga kura na nini?"

Maana Pasta Obbo alikuwa mtu wa Molo, upande wa Tororo. Kila Jumamosi alivuka mpaka na baiskeli kuja kutuokoa, Jumatatu akarudi kwa mihogo yake. Kura ya Kenya hakuwa nayo.

"Kule ni kule," akasema. "Tuombe."

Aliyeumia zaidi kwa habari hiyo ya wino ni shangazi yangu Anjeline. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Benchi ya kwanza, upande wa dirisha, ilikuwa yake miaka kumi na moja, na hata akiwa mgonjwa hakuna mtu aliyethubutu kukaa hapo. Lakini binti yake Mildred alikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza ilikuwa imeharibikia njiani kwenda hospitali, juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli, kabla hawajaliona hata lile jiwe kubwa la Tororo. Osborn aliahidi zahanati hapa hapa sokoni. Mpinzani wake, mzee mwenye lori, aliahidi kwamba lori lake litabeba wagonjwa wote bure, kama kuna nafasi juu ya mahindi.

"Nataka kura, na nataka benchi yangu," shangazi akaniambia. "Chrispinus, wewe umekaa Makerere miaka miwili. Nipe akili."

Ilipaswa kuwa miaka mitatu, lakini kulitokea mambo ya gundi na viatu vya mkuu wa bweni, nikarudi nyumbani mapema. Akili niliyobaki nayo nilimpa yote.

"Shangazi, matunda ya jambula yameiva. Ukila konzi moja tu, vidole vinakuwa zambarau, rangi ileile ya wino, mpaka wiki inayofuata. Basi akina mama wote wapake vidole vyote kumi. Jumapili Pasta akikagua, wino ataujulia wapi?"

Alicheka mpaka akashika mlango. Jioni ileile akaenda kuwaambia wenzake. Wakakubaliana kumi na mmoja, kwaya nzima ya akina mama.

Kitu kimoja sikusema: watakula hizo jambula saa ngapi. Nilidhani mtu mzima atajua mwenyewe kwamba ni baada ya kura.

Siku yenyewe ikafika. Pasta Obbo alikuwa ametoka Molo usiku ili awahi, na jua lilipochomoza alikuwa tayari amesimama njia panda, pale unapoona nyumba zetu zote, na sokoni, na lango la shule ya kupigia kura. Baiskeli ameiegemeza kwenye uzio. Daftari mkononi. Mimi nilikuwa kwenye foleni, nikawaona akina mama wakija na karai la jambula, wanakula, wanatema mbegu, wanacheka kama wanakwenda harusini.

"Bwana asifiwe, Pasta!" Loice akamwita. "Karibu jambula!"

"Asante. Leo mimi nafunga."

Mikono yao ilikuwa kama ya watu waliochinja kitu cha rangi ambayo Mungu hakuumba. Na kura walikuwa hawajapiga.

Msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu Ekaju, mtu wa chaki na rula. Shangazi akafika mezani, akasema jina lake, akanyoosha kidole. Mwalimu akaangalia kidole, akaangalia chupa ya wino, akaangalia kidole tena.

"Mama, umeshapiga."

"Sijapiga, Mwalimu."

"Na hii?"

"Ni jambula."

"Kidole hiki?"

"Vyote." Akafungua mikono.

"Basi umepiga mara kumi," akasema Mwalimu. Foleni nzima ikaangua kicheko. Wakala wa mzee wa lori hakucheka. Aliruka na kusema hawa wamepita kituo cha sokoni kwa majina ya watu wengine, anajua, ni mchezo wa Osborn. Akina mama wakapelekwa bombani na kipande cha sabuni. Walisugua mpaka sabuni ikawa zambarau.

"Sikilizeni," Mwalimu akasema. "Majina yenu hapa hayajapigwa mstari, lakini ya sokoni siwezi kuyaona. Nileteeni mtu mmoja. Asiwe jamaa yenu, asiwe wakala, awe amewaona tangu asubuhi. Aseme hamjapita kituo kingine, mtapiga. Kama hakuna, nendeni mkapike."

Watu wote wakageuka kuangalia njia panda.

Shangazi alikwenda peke yake. Mimi nilimfuata nyuma, kwa aibu.

"Pasta, umeniona nikitoka nyumbani?"

"Nimekuona. Saa moja na robo." Akagonga daftari.

"Nilipitia sokoni?"

"Hapana."

"Na hawa wenzangu?"

"Hapana. Mlikuwa mnakula tu, kama mbuzi."

"Basi njoo uyaseme hayo kwa Mwalimu."

Pasta akacheka, cheko dogo la mtu aliyeona mkono wa Mungu. "Mama Mildred, Bwana mwenyewe amefunga mlango. Mimi nafungua kwa nini? Nikisema, si unakwenda kutia kidole?"

"Ndiyo, nitatia."

"Na mimi nakuandika."

"Niandike, Pasta, sijakukataza. Lakini wewe ulitufundisha Walawi yote, si kumi na tisa peke yake. Sura ya tano, mwanzo kabisa. Mtu aliyeona jambo, akaitwa kushuhudia, akanyamaza, dhambi ni ya nani?"

Pasta akapapasa Biblia mfukoni mwa koti.

"Mwaka jana ulitusomea hiyo, mbuzi wa Loice alipopotea na jirani hataki kusema. Ukasema, anayenyamaza amekula nyama. Sasa mimi nakuita, Pasta. Mbele ya huyu mtoto wa kaka yangu nakuita."

Nimewaona maprofesa wakibanwa na swali, nikiwa mimi mwenyewe nyuma ya swali hilo mara nyingine, lakini sijaona mtu akibanwa hivyo. Alifungua Biblia yake. Alisoma pale pale amesimama, midomo ikicheza, kama anayetafuta neno "isipokuwa". Halikuwepo. Akafunga, akashika baiskeli yake, akaja.

"Apa," Mwalimu Ekaju akamwambia, akimsogezea Biblia ya serikali.

"Mimi siapi. Yesu amekataza."

"Basi sema tu."

"Hawa hawajapiga."

"Hawa nani? Mmoja mmoja, na majina. Wakala asikie."

Ndivyo ilivyokwenda. Pasta alitaja jina, akasema huyu hajapiga, mama akatia kidole kwenye chupa, Pasta akaandika jina lake kwenye daftari la benchi ya nyuma. Mara kumi na moja. Sauti yake ilipungua kila jina, mpaka la mwisho, la Loice, Mwalimu akamwambia arudie. Loice akamwambia, "Asante, Pasta. Ukipita sokoni chukua samaki." Na hila yangu ya jambula, iliyokuwa ya kumficha Pasta wino, ikawa imemleta mpaka ukingoni mwa chupa.

Osborn alishinda kwa kura tisa.

Jumapili iliyofuata hukumu ikasomwa. Akina mama kumi na mmoja wakainuka na watoto wao wakaenda benchi za nyuma, karibu na mlango, mahali kuku wanapoingilia. Mbele wakabaki wazee watatu. Wimbo ulipaswa kuanzishwa na mzee mmoja ambaye sikio lake moja tu lilikuwa zima, akauanzisha juu mno, ukafia njiani.

Katikati ya maombi gari likasimama nje. Akaingia Osborn, koti jipya, kidole chake cha wino bado zambarau kabisa, amekuja kumshukuru Mungu. Pasta Obbo alitoka mimbarini kwenda kumpokea. Alimshika mkono kwa mikono miwili, pamoja na kile kidole, akamkalisha benchi ya kwanza upande wa dirisha. Akasema Mungu ndiye anayeweka viongozi. Akasema kanisa linahitaji kiwanja, na Mheshimiwa asisahau.

Nilimwangalia shangazi. Alikuwa anaangalia ile benchi yake. Nilidhani atalia. Akasimama.

"Mama Mildred," Pasta akasema, "benchi ya nyuma hapana ushuhuda."

"Si ushuhuda, Pasta, ni swali. Mheshimiwa, zahanati inaanza lini?"

Osborn akageuka, akatafuta sauti ilikotoka. Akatabasamu. "Mama, subira. Mambo haya yana kamati. Hivi karibuni."

"Mildred anajifungua mwezi ujao," shangazi akasema. Wale kumi wakasimama pamoja naye, na watoto migongoni. "Hivi karibuni ni tarehe ngapi?"