Hodi ya Tatu

Niliota usiku wa jana kwamba nasafiri kwenda Lushoto kumfuata mke wangu, lakini mfuko wangu ukakataa kubebwa.

"Naitwa nani?" uliniuliza.

"X," nikajibu.

"Na ndani nina nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimeuandika x kwa sababu ya haraka, kama ninavyofanya kwenye programu zangu. Mimi ni fundi redio wa hapa Korogwe, na tangu Zaituni aende kwao kumuuguza mama yake, jioni zangu nazijaza kwa kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python, neno ambalo kwa Kiingereza ni chatu. Majirani wananiuliza kama nimeanza kufuga chatu. Mama mkwe alishapona zamani, sasa anapalilia kabichi zake, ila Zaituni hajarudi, na mimi sijathubutu kuuliza kwa nini. Nimemkumbuka mke wangu. Vyumba vyenyewe ni viwili tu, lakini siku hizi naviona vingi.

"Ukinikuta baada ya mwezi nimeandikwa x, utajua nimebeba nini?" mfuko ukasema. "Nipe jina la kilichomo."

Nikaufungua. Ndani mlikuwa na khanga doti moja, sukari na majani ya chai. Nikafuta x, nikaandika zawadi_za_ukweni, maneno matatu yameshikana mikono kwa vistari vya chini. Mfuko ukaridhika, ukapanda wenyewe begani.

Nafungua mlango nitoke, na nje si Korogwe tena. Ni Lushoto, kuna ukungu na baridi, na mbele yangu ni ua wa wakwe zangu. Langoni zimeketi nukta mbili, zile ambazo Python huzitaka kabla ya kuingia ndani, moja juu ya kichwa cha mwenzake.

"Bila sisi hapaingiliki," ya juu inasema.

"Na baada yetu," ya chini inaongeza, "kila anayetaka kuwa ndani asogee kulia nafasi nne."

Nikasogea kwa tab, kile kitufe cha kuruka nafasi zote nne kwa mpigo, maana ni kubonyeza mara moja tu na mimi nilikuwa na hamu ya kufika. Zikanitazama kwa huruma.

"Waliokutangulia wamesogea kwa nafasi, wewe umesogea kwa tab. Hata mkisimama sambamba, hapa hatuchanganyi. Rudi uanze upya."

Nikarudi, nikaanza upya, nafasi moja moja, kwa adabu. Haraka haraka haina baraka, na ukweni ndiyo kabisa.

Sasa, mtu hajitokezi tu mbele ya mama mkwe baada ya kimya kirefu. Niliona haya. Kwa hiyo nilikuwa nimekuja na programu ya kunipigia hodi. Katika ndoto ilikuwa mtu mwembamba aliyevaa suti ya kijivu, ana sauti yangu, na hafanyi lolote ambalo sikuliandika. Nilikuwa nimemwandikia range(1, 3), amri ya kuhesabu, nikimaanisha apige hodi kuanzia ya kwanza hadi ya tatu. Mstari uliofuata nilimwandikia kwamba akikosa jibu aondoke, kama ustaarabu unavyotaka.

Mama mkwe akatokea nyuma ya nyumba na jembe lake.

"Shikamoo, mama," nikasema huku natazama chini.

"Marahaba, baba. Umekuja mwenyewe au umetuma?"

"Nimekuja na programu, mama."

"Haya. Ila utaratibu wa hapa waujua. Hodi ya kwanza huenda ni mpita njia. Ya pili huenda ni jirani ataka moto. Ya tatu ndiye mwenye haja. Zaituni hafungui kabla ya ya tatu, nimemlea hivyo mwenyewe."

"Naujua, mama. Nimeandika tatu."

Programu akakohoa, akausogelea mlango.

"Hodi," akasema kwa sauti yangu.

Ndani kiti kikasogezwa.

"Hodi."

Nikasikia kandambili. Mwendo ule naujua hata nikiwa usingizini, na usingizini ndiko nilikokuwa: mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Zikaja taratibu mpaka nyuma ya mlango, zikasimama. Kati yangu na mke wangu palikuwa na ubao mmoja. Nilitamani kuuona uso wake.

Programu akafunga kifungo cha koti.

"Nimemaliza."

"Bado ya tatu," nikamwambia.

"Hakuna ya tatu."

Nikageuka. Namba tatu mwenyewe alikuwa nje ya ua, amesimama kwenye ukungu, kofia mkononi.

"Ingia, bwana," nikamwita. "Tunakungoja wewe."

"Siwezi. Umeniweka mwisho wa range. Kwenye Python wa mwisho ni mpaka, haingii kwenye hesabu. Ukimtaka wa tatu, andika nne."

"Basi naandika nne sasa hivi."

"Programu imeshaanza kazi," akasema kwa upole. "Ikishaanza, ukiibadilisha haijui mpaka uianzishe tena."

Nikaamua kupiga hodi mwenyewe. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka, kwa kuwa niliyemwazima alikuwa bado anayo. Kila siku naomba programu zangu zisiwe na makosa. Pale niliomba kosa, hata dogo, limsimamishe. Hakuwa nalo. Akasoma mstari uliofuata, akanishika kiwiko, tukaanza kuondoka.

"Baba," mama mkwe aliita nyuma yetu, "ya tatu iko wapi?"

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Upande wa pili wa kitanda palikuwa patupu kama kawaida, nikapapasa hapo kidogo, nikachukua simu nitazame saa. Palikuwa na ujumbe wa Zaituni.

"Kibwana, u hali gani? Alfajiri nimesikia hodi kwa sauti yako, mara mbili tu. Mama kanizuia, kasema ngoja ya tatu. Nimesimama nyuma ya mlango mpaka uji umeungua. Nikafungua, hakuna mtu. Tangu mama apone nangoja uje kunichukua, na hata ukija waishia ya pili?"

Nikakaa kitandani, nikasema "hodi" kwa sauti, kuhakikisha kama bado ninayo, kisha nikatafuta viatu.