Ukanda wa Nyasi Nyuma ya Nyumba

Mimi nilikuwa nachomoa misumari, baba akikunja seng'enge, pikapu ya hifadhi ilipotokea ikiyumba juu ya tambarare. Kila nguzo iliachia msumari wake kwa mlio mdogo, kama mtu anayeamshwa. Shamba tulikwisha kuliuza kwa hifadhi ya nyasi za asili. Kilichobaki chetu ni ua, tena wa kuung'oa.

Denise Fafard, msimamizi wa nyasi za hifadhi, alishuka na tangi la dawa ya kuua magugu mgongoni.

"Mzee Halvor, unachapa kazi kama umeajiriwa!"

"Ningeajiriwa ningekuwa nimekaa garini kama wewe."

Walicheka. Kisha baba akaonyesha ukanda wa nyasi nyuma ya nyumba. "Ule uniachie, binti. Nikishakufa, mwagia."

Nyasi zile hazikuwa za huku. Miaka ya ukame, udongo wa jimbo letu la Saskatchewan, Kanada, ulipokuwa ukipeperuka angani na bibi akitundika mashuka mabichi madirishani kuzuia vumbi, serikali iligawa mbegu kutoka ng'ambo. Bibi alizimwaga kwa mkono. Baba, mtoto bado, alimfuata akizifukia kwa kisigino. Zikashika. Majirani walihama wakaacha hata majiko. Sisi tukabaki.

Sasa nyasi za bibi zilikuwa zikizisonga nyasi za asili, mpaka kule kijitoni.

"Nyasi zangu hazina miguu," baba alisema.

"Zina mbegu, mzee. Na upepo wa huku unaujua kuliko mimi."

Baba aliujua. Akanitazama, nami nikatazama koleo la misumari mkononi mwangu. Denise hakukosea, wala baba.

Nguzo zilizobaki zilikuwa upande uliokwisha kusafishwa nyasi za ng'ambo, na kila anayevuka kwenda huko hupangusa viatu asipeleke mbegu; Denise akampa baba brashi. Baba aliinama mpakani mwa shamba lililokuwa lake, akasugua soli, akakunjua pindo za suruali, akakung'utia mbegu kiganjani. Akatafuta pa kuzitupa, asipaone. Denise akamfungulia mfuko wa plastiki, baba akazitia humo taratibu, hata ile iliyonasa kwenye kidole.

Jua lilipoinama, harufu ya dawa ilitufikia kutoka nyuma ya nyumba. Zilibaki nguzo chache. Nikaishika iliyofuata, nikachomoa msumari wake.

"Hiyo iache mpaka kesho," baba alisema. "Ng'ombe wasije wakatoroka."

Ng'ombe wa mwisho tuliwauza vuli iliyopita. Nikaurudisha waya kwenye nguzo, nikaukaza.