Kitabu cha Wageni cha Klara

Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie, wajukuu zangu. Nitafika tu.

Klara ni mtoto wa binti yangu mkubwa. Kuimba alianzia kwaya ya Mlalo, baadaye akaenda Dar es Salaam akaimba dansi, akatoa kaseti mbili. Miaka ile redio za watu binafsi zilikuwa zimefunguliwa nyingi, ukiwasha hii yumo, ukiwasha ile yumo. Mimi nikiisikia sauti yake shambani naacha jembe. Jirani ananiambia, "Mzee Timotheo, leo hulimi?" Namwambia, "Nyamaza wewe, mjukuu wangu anaongea."

Sasa mwaka 2003, mwezi wa tatu, viazi vimeanza kutoa maua, akaja huku Mgwashi na begi moja. Hakusema anakaa siku ngapi. Siku ya kwanza alilala mpaka mchana. Siku ya pili, tunamenya maharage, ndipo akaniambia.

"Babu, kuna mtu."

"Mchumba?"

"Hapana, babu. Mtu tu. Kila ninapoimba yuko mbele, katikati, mahali palepale. Tanga yuko, Moshi yuko, Dodoma yuko. Hachezi, hanywi, ananitazama tu. Wiki iliyopita nimerudi chumbani kwangu nikamkuta ameketi. Amekunja nguo zangu zote. Ameosha vikombe."

"Amekupiga?"

"Hajanigusa. Ameniambia, 'Pumzika, kesho una kazi.' Kama mume vile." Akaacha kumenya. "Babu, usimwambie mtu niko hapa."

"Nitamwambia nani mimi? Naongea na mbuzi tu hapa."

Tukacheka. Nilimwahidi, na nilikusudia kweli.

Wiki tatu zikapita vizuri. Alikuwa anapalilia, anapika, na wakati wa kuosha vyombo anaimba wimbo mmoja ambao sijausikia kwenye redio. Nikamuuliza, akasema ni wake mpya, hajamwimbia mtu yeyote ila mimi na masufuria.

Basi nikaenda Lushoto kununua mbegu za karoti. Pale mjini kijana mmoja, Salimu, alikuwa amefungua duka la intaneti, kompyuta mbili na feni. Nilikuwa nalipita tu siku zote. Siku ile nikaona mlangoni wameandika kwamba unaweza kutafuta mwanamuziki yeyote duniani. Nikaingia.

"Shikamoo mzee. Umekuja kutafuta mchumba wa Kizungu?"

"Marahaba. Nitafutie mjukuu wangu, acha utani."

Akabonyezabonyeza, akatokea! Klara, na kanga yake ya njano, kwenye kioo. Kuna Mtanzania anaishi Uswidi anapenda nyimbo zake, ndiye aliyemtengenezea ukurasa. Nyimbo zimo, picha zimo, na chini kabisa Salimu akasema kuna kitabu cha wageni, watu wanaandika humo.

Kitabu cha wageni nakijua. Kipo zahanati, kipo shule, kipo ofisi ya kijiji. Ukifika popote unaandika jina, unapotoka na sababu ya kuja, ukiondoka bila kuandika umekosa adabu. Nikamwambia anisomee wenzangu wameandika nini. Akasoma. Mmoja wa Uswidi, mmoja wa Japani, wengine Nairobi. Wote wanauliza, mbona Klara kimya? Mmoja kaandika, "Nasikia amefariki." Wa chini yake, "Mungu amlaze pema." Wa chini yake tena, analia.

Mtu yuko nyumbani anasonga ugali, ninyi mnamzika? Uchuro gani huo! Na kitu kimeandikwa, si cha kusemwa kikapotea. Nikawaza, hawa wako Ulaya, wako Japani, nani atatoka huko aje Mgwashi? Nikamwambia Salimu, "Andika."

"Niandike nini, mzee?"

"Jina, Timotheo. Ninapotoka, Mgwashi, Bumbuli. Sababu ya kuja, kuwajulisha kwamba Klara ni mzima, yuko kwangu, amenenepa. Mtu akifika kijijini aulize nyumba yenye mipeasi miwili. Karibuni sana. Sasa weka sahihi."

"Sahihi haihitajiki, mzee."

"Basi sema ni mimi mwenyewe."

Nilirudi nyumbani na furaha, lakini sikumwambia Klara. Hapo wenyewe mtaona kwamba moyoni nilikuwa najua.

Wiki iliyofuata nikapita tena. Salimu akanisomea shukrani, watu kumi na kitu, wananiita babu. Ya mwisho haikuwa na jina. "Shikamoo babu. Asante kwa kunielekeza."

Nikasema, "Kijana mwenye heshima huyo. Mjibu, marahaba mjukuu, karibu."

Akaja siku ya tisa tangu niandike. Ilikuwa imenyesha, njia nzima matope. Nilimwona pale chini mferejini, amebeba viatu vyake kwenye gazeti. Akanawa miguu taratibu, akajikausha kwa leso, akavaa viatu ndipo akapanda.

"Shikamoo babu. Naitwa Valentino. Nimesoma kwenye kitabu."

Mgeni wa kitabu! Nikamkaribisha kiti, nikaita, "Klara! Una mgeni!"

Nikazunguka nyuma. Mlango wa jikoni uko wazi, maji yanachemka, jembe limeanguka kwenye maharage. Alikuwa amemwona kabla yangu. Niliporudi mbele, yule kijana hakuuliza chochote. Alikuwa ananitazama anatabasamu.

"Hana haraka," akasema. "Na mimi sina."

Siku ya pili mchungaji akaniletea salamu za Klara. Ni mzima, alipo hasemi, na mimi nisiulize. "Amesema anakupenda," mchungaji akanieleza huku anaangalia chini, "ila kukuambia hawezi."

Valentino akapanga chumba kwa jirani yangu. Miezi miwili! Anabebea watu viazi, anaezeka paa la mjane, Jumapili yuko kanisani kiti cha mbele. Kila asubuhi, "Shikamoo babu." Na mimi nifanyeje, namwitikia. Nikiwaambia wanakijiji huyu mtu si mzuri, wananicheka. "Mzee, kijana mwenye adabu namna hii? Mwoze mjukuu wako!"

Siku moja namkuta mferejini anaosha sahani, anaimba polepole. Nikasimama kusikiliza. Ulikuwa ule wimbo wa Klara, ule wa masufuria. Maneno yote, mpaka pale Klara anapovuta pumzi. Alikuwa wapi akausikia? Kwa muda gani alikuwa karibu na nyumba yangu kabla ya kubisha hodi?

Halafu asubuhi moja hakuniamkia. Chumba chake kimefagiwa, kitanda kimetandikwa, hayupo. Nikashuka Lushoto mbio, na goti langu hili, mpaka kwa Salimu.

"Alikuwa hapa jana jioni, mzee. Amesoma, ameondoka."

"Amesoma nini?"

Akanifungulia. Msafiri mmoja, mtu mwema tu, ameandika kwa furaha kwamba Jumapili alisali Magoma, na kwenye kwaya kuna sauti, ataapa ni ya Klara.

"Ifute hiyo!"

"Mimi siwezi. Mwenye ukurasa yuko Uswidi."

Nikapanda gari la Mombo, nikaunganisha Korogwe, nikaunganisha Magoma. Nimefika jua linachoma, mwili wangu wa baridi haukulizoea. Nikaulizia kanisa. Kutoka mbali nikasikia mazoezi ya kwaya, na juu ya sauti zote, ya kwake.

Nikachungulia. Wanakwaya wamemtazama mwalimu wao, migongo wameelekeza mlangoni. Klara yuko safu ya nyuma, hajui kitu. Na kiti cha mwisho, karibu na mlango, Valentino amefumba macho, mikono magotini.

Nikakaa pembeni yake. Nikamshika mkono.

"Toka nje, tuongee."

"Amalize kwanza, babu," akanong'ona, hajafumbua macho. "Akimaliza ninaondoka naye."

Wimbo ulikuwa umebakiza ubeti mmoja. Nikasimama, nikapiga kelele ambayo sijaipiga tangu kuzaliwa. "Klara! Acha kuimba!"

Kanisa zima likageuka. Klara akamwona. Akina mama wa kwaya ni watu hodari, hawakuuliza, wakamzunguka mara moja, mmoja ameshika kiti juu. Valentino akainuka, akapangusa suruali. Hakukasirika.

"Umemkatiza, babu," akasema, akatoka.

Polisi walimtafuta. Wapi.

Klara nilirudi naye Mgwashi. Anapalilia, anapika, kanisani hakai na kwaya, na nyimbo anazisoma kwa macho tu. Kule kwa Salimu wanaendelea kuuliza yuko wapi, mimi siandiki kitu. Lakini juzi anaosha vyombo, akajisahau, akaanza kuimba chini chini. Ilikuwa nzuri, wajukuu zangu. Nikaweka kikombe, nikaenda mpaka mlango wa jikoni, nikatazama kwenye maharage, nikatazama mferejini.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "nyamaza."