Siku Moja ya Mwezi wa Mangsir

Mjomba Lautan alifika harusini siku moja baada ya harusi. Alikuwa ametoka Malaysia, anakofanya kazi kiwanda cha glavu, akiwa na suti mpya na tanuri la umeme ndani ya boksi. Akakuta vijana wanakunja maturubai na mbwa wanagombea mifupa.

"Hee, Junkiri," alimwambia mpwa wake, "mbona bibi harusi namkuta anasugua sufuria?"

Junkiri Chaudhary akampokea boksi. Kadi ya harusi ya kaka yake aliitengeneza mwenyewe, katika duka la uchapaji la Tulsipur alikoajiriwa. Tarehe ya Kinepali ilikuwa sahihi. Pandit, kuhani wa harusi, ndiye aliyeitoa. Ile ya Kizungu, ambayo mjomba aliikatia tiketi, ilitolewa na programu ya kugeuza tarehe, nayo ilichelewa siku moja.

"Kula dhikri basi, kaka," mama yake Junkiri alisema, akimsogezea sahani ya mikate midogo ya unga wa mchele iliyopikwa kwa mvuke.

"Za jana?"

"Za jana."

Mjomba akala. Hakumlaumu mtu. Aliivaa tu ile suti siku tatu mfululizo.

Programu yenyewe ilikuwa ya bure, kazi ya watu wa kujitolea, na msimbo wake uko wazi mtandaoni, anayetaka ausome. Junkiri alisomea kompyuta chuoni. Akaufungua, akalitafuta jedwali la siku za miezi, akaona: mwaka huu mwezi wa Kartik umepewa siku thelathini na Mangsir unaofuata, mwezi wa harusi, ishirini na tisa, wakati kalenda ya ukutani inasema kinyume chake. Tarakimu mbili zimebadilishana viti. Akachukua nakala, akazirudisha mahali pake, na kwa kuwa mkono ulishaingia, akanyoosha na mistari mingine arobaini iliyokaa upogo. Akatuma ombi kwamba mabadiliko yake yaunganishwe na programu. Kwenye maelezo aliandika: "Nimerekebisha."

Msimamizi wa mradi aliitwa Khadananda Niraula, mwalimu wa hesabu wa Dhankuta, upande wa pili wa nchi. Alijibu baada ya siku nne.

"Dada, umerekebisha nini? Naona mistari arobaini na miwili. Ombi moja, jambo moja. Nimelifunga."

"Mzee ana kiburi huyu," Junkiri alimwambia Tika, mwenye duka.

"Si umwachie miezi yake? Sisi tutahesabu kwa vidole."

"Mjomba wangu kala kiporo cha harusi, Tika."

Akatuma la pili: mistari miwili, maelezo marefu. Siku tano kimya, kisha: "Ushahidi uko wapi? Kila mwaka hakosi mtu anayeniletea kalenda ya duka la nguo."

Junkiri akapiga picha kalenda tatu za wachapaji watatu. Ya tatu ilikuwa ya pandit, aliyetaka kujua picha inapelekwa wapi.

"Dhankuta."

"Waambie mimi sikukosea."

Alipokuwa akiandaa ombi la tatu ndipo alipoitazama historia. Ghala la mtandaoni linalohifadhi msimbo halisahau. Kila mstari unabeba jina la aliyeugusa. Hii miwili iligeuzwa miaka sita nyuma, ndani ya badiliko la mistari mia tatu lenye maelezo ya neno moja: "Usafi." Kabla ya hapo ilikuwa sahihi. Aliyeigusa ni Khadananda Niraula.

Mchana kutwa Junkiri alikaa na jambo hilo. Kulitaja jina ni kumvua mtu nguo mbele ya wageni. Kulinyamazia ni kujifanya kipofu. Mwishowe aliandika namba ya badiliko lile, bila jina, na chini simu ya duka, akatuma.

Siku ya kumi simu ya duka ikalia.

"Niraula wa Dhankuta hapa. Junkiri ni wewe?"

"Ndimi, mwalimu."

"Jina langu umeliona."

"Nimeliona."

"Mbona hukuliandika?"

"Tarehe inakuwa sawa hata bila jina."

"Mwaka ule nililihamisha jedwali lote kwa mkono, huku namuuguza mke wangu. Sijitetei, nakueleza tu."

"Alipona?"

"Alipona. Yuko hapa, anasema nikushukuru. Kwenye maelezo yako umekosea tahajia ya Kartik. Sahihisha, nitaunganisha."

Alisahihisha, na mwalimu akaunganisha kabla ya chai ya jioni. Katika orodha ya marekebisho aliandika, kila mtu asome, kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba aliyeligundua ni J. Chaudhary wa Tulsipur. Junkiri aliisoma mara mbili, akamwonyesha Tika, kisha akarudi kwenye kadi zake akijifanya hana habari.

Wiki iliyofuata mwalimu alipiga tena. Alitaka walipitie jedwali zima, mwaka kwa mwaka, yeye asome na Junkiri akague kwenye kalenda. Iliwachukua Jumamosi nne. Walipata makosa mawili zaidi.

"Hilo la kwanza ni la nani?" mwalimu aliuliza taratibu.

"Si lako, mwalimu."

"Una hakika?"

"Ni la mtu wa Pokhara. Yote mawili."

"Aa," alisema Khadananda Niraula, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikachangamka. "Soma jina lake lote."