Jaji Aliyekuja Kusalimia

Seneta Dale Torgerson alimfahamu Jaji Ellen Varga tangu zamani. Ndiye aliyesimama kumsifu alipoteuliwa kwenda mahakama ya rufani, akasema hajapata kuona mwanasheria mwadilifu kumshinda.

Sasa jaji mmoja wa Mahakama ya Juu alikuwa amefariki, na rais, ambaye hakuwa wa chama cha Torgerson, akamteua Varga kukalia kiti chake. Ili akikalie, ilibidi Seneti imhoji na kumpigia kura, na chama cha Torgerson ndicho kilichokuwa na wingi humo. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Kiongozi wa chama akawaita maseneta wake na kuwapa msimamo: hakuna kumhoji, hakuna kumpigia kura, hata kumkaribisha ofisini hakuna.

"Kama hatumtaki, si tupige kura ya hapana yaishe?" Torgerson aliuliza.

"Ukimhoji mbele ya kamera watu watampenda, Dale. Na wewe Novemba unarudi kwa wapiga kura. Au unataka tukutafutie mpinzani humuhumu chamani?"

Torgerson akanywea.

Wiki iliyofuata Jaji Varga alifika mwenyewe, bila miadi. Torgerson alisikia sauti yake ukumbini, akamnong'oneza katibu wake, Nadine, "Mwambie sipo," akajifungia chumba cha ndani.

"Seneta ametoka, Mheshimiwa," Nadine alisema.

"Hamna neno. Sikuja kuomba kura, nimekuja kumsalimu tu. Mkewe amepona mguu?"

"Anatembea sasa, ahsante."

Hapo kikohozi kikamkaba Torgerson. Alijiziba mdomo kwa tai, wapi. Kikatoka.

"Akirudi," Jaji alisema taratibu, "mwambie anywe kitu cha moto."

Alipoondoka, Torgerson akafungua mlango. Nadine alikuwa ameinamia kazi yake, masikio yamemwiva kwa aibu. Hakumtazama bosi wake siku ile nzima.

Mwisho wa mwezi seneta alikwenda jimboni, akakutana na wananchi kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Mkulima mmoja mwanamke, Marlys Koenig, akasimama.

"Mimi ni wa chama chako, na huyo jaji simtaki," alisema. "Lakini nikimwajiri mtu avune mahindi, halafu ashinde amekaa ghalani, nimlipe kwa lipi? Mkatae basi, tukuone."

Watu wakacheka. Torgerson akajibu kwamba wananchi waachiwe waamue kwanza, kwenye uchaguzi. Aliyasema akitazama viatu vyake.

Novemba alishinda. Uteuzi wa Varga ukafa bila kuguswa, naye akaendelea na kazi yake ya rufani. Rais mpya akateua mtu mwingine, na Torgerson akampigia kura ya ndiyo.

Majira ya baridi walikutana kwenye maziko ya profesa aliyewafundisha wote wawili. Jaji ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono.

"Habari za siku nyingi, Dale."

Torgerson alikuwa ameyaandaa maneno ya kuomba radhi, akayakosa. Akaanza kueleza jinsi theluji ilivyofunga barabara. Jaji alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akaagana naye.

Garini mkewe, Carol, akamuuliza, "Umemwambia?"

"Watu walikuwa wengi mno."

Carol alikuwa amesimama palepale kando yao. Alijua hapakuwa na mtu mwingine karibu. Akafunga mkanda wake.